Raifo ya Maisaka na Nguruwe wa Restituta

Kama umewahi kuniona siku ya Ijumaa nakwenda msikitini kwa kupitia uchochoro wa nyuma ya mashine za kusaga, nimeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano, usidhani napenda kivuli cha huko. Nakimbia jina. Kule mbele, kwenye lami, wanakaa vijana wa pikipiki, wengine hawakuwa wamezaliwa siku yenyewe ilipotokea, na bado wakiniona wanaambiana, "Oya, Mzee Kitimoto huyo anapita," mimi ambaye tangu nizaliwe sijaonja nyama ya nguruwe wala sijui inanukiaje ikiwa kwenye kikaango. Leo naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiisimulia vibaya (wapo wanaosema nilimbusu nguruwe, na hilo si kweli, uso wangu ulimgusa tu kwa sababu alikuwa anatikisa kichwa).

Wakati ule mkoa ulikuwa mpya. Manyara ilikuwa imetoka tu kumegwa kutoka Arusha, na Babati yetu, mji wa abiria kushuka, kunywa chai na kuendelea na safari, ikaamka asubuhi ni makao makuu. Kodi za nyumba Bagara zikapanda, wakaja watu wa ofisini na magari yao, na baadhi yao Jumamosi walikuwa wanapita mbele ya duka langu na raifo zimelazwa kiti cha nyuma, jioni wanarudi na swala. Mimi nilikuwa nauza spea za baiskeli pale karibu na soko, mikono imejaa grisi, nawaangalia wanavyopita. Sitawaficha, kitu kile kilinikaa rohoni. Nilikuwa najiona na mimi nashuka kwenye gari, nimeshika raifo, watu wananiuliza habari za porini, na ilhali gari lenyewe sina.

Lakini shida ya kweli ilikuwa ngiri. Nilikuwa na shamba Sigino, mahindi na mbaazi, na shamba lile ndilo lililokuwa linatulisha, kwa sababu spea za baiskeli mjini ni heshima tu, si chakula. Ngiri walikuwa wanaingia mchana kweupe, mikia juu, baba, mama na watoto, wanapiga magoti wanakula kwa adabu zote kama watu walioalikwa. Tulipiga madebe wakazoea. Tulisimamisha sanamu nikaivalisha shati langu, na mke wangu, Mama Zuhura, akasema sanamu ile imefanana na mimi kwa kila kitu, hata kwa kusimama bila kufanya lolote.

Aliyekuwa ananisaidia ni jirani yangu wa shamba, Baba Restituta, Mwiraqw aliyeshuka kutoka Mbulu zamani, Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Mimi nikiwa dukani, yeye akisikia mkoromo kwenye mahindi yangu anatoka na fimbo anakimbia kama ni kwake, na hajawahi kuniambia habari ya ujira hata siku moja. Sasa huyu Baba Restituta alikuwa na nguruwe jike mmoja mkubwa, mweupe, ana mimba, na Sigino nzima ilijua kwamba nguruwe yule ndiye harusi ya Restituta. Watoto wake wakizaliwa wangeuzwa, ipatikane gauni, mchele, na vyombo vya binti kwenda navyo kwa mumewe. Wakwe walishakuja, padri alishaambiwa. Na Restituta mwenyewe ndiye aliyekuwa anamlisha, kila alasiri, kwa ndoo ya bluu, huku anamsemesha kama shoga yake. Shikeni hilo la ndoo.

Basi nilipouza mbaazi za msimu ule nikasema, hela hii haiingii kwenye kitu kingine, nanunua bunduki. Nikaenda Arusha dukani, muuzaji akanitajia bei ya raifo mpya, nikamwomba maji ya kunywa. Kwa bei ile mtu angenunua kiwanja Maisaka na kuanza msingi. Nikarudi, nikauliza huku na huku, nikaambiwa hapo hapo Maisaka yuko mzee mmoja mstaafu wa kazi za porini, anauza bunduki zake mbili kwa vibali halali kwa sababu macho yamemchoka. Nikamchukua Baba Restituta anisindikize, maana mtu wa kijijini akikaa kimya pembeni yako wakati wa kununua kitu, muuzaji anaogopa.

Tulimkuta mzee amekaa barazani. Shikamoo, marahaba, uji ukaja, na bunduki zikatolewa zikalazwa juu ya mkeka. Moja ilikuwa ya marisau, fupi, ya kukunja katikati, kitako kimefungwa kwa waya, kibaya kweli kweli. Nyingine ilikuwa raifo. Jamani. Ndefu, mbao yake nyekundu imepakwa mafuta mpaka inakuonyesha uso wako, na mkanda wa ngozi. Nilijiona mle kwenye mbao na kusema kweli nilikuwa napendeza.

"Hii," mzee akasema, akigusa ile mbaya, "ni ya mtu mwenye shamba. Ngiri anakuja karibu, unampiga, kazi imekwisha. Hiyo nyingine ni ya mtu wa mwituni. Risasi zake siku hizi ni za kutafuta kwa tochi, ndiyo maana nakuuzia kwa bei ile ile ya hii. Na sikufichi, iliwahi kuangukia jiwe, hiki kijipande cha mbele cha kulengea kikapinda, nikakinyoosha mwenyewe kwa koleo. Ijaribu kwanza ndipo unipe hela."

Mwanangu, mtu akikuambia ukweli wote hivyo na bado ukaharibikiwa, utamlaumu nani? Mimi nilisikia neno moja tu, bei ile ile. Raifo kwa bei ya gobore la waya. Baba Restituta akanivuta pembeni kidogo.

"Baba Zuhura," akasema, "hata jogoo wa mnadani mtu anamtupa chini kwanza, aone kama anasimama. Piga moja pale kwenye kichuguu."

"Risasi zenyewe ni za kujaa kiganja," nikamjibu. "Nikizimalizia kwenye kichuguu, ngiri nitamtukana? Nitaijaribia kwa ngiri mwenyewe."

Akanitazama, kisha akatazama kichuguu. Hapo ndipo. Kila kilichofuata, aibu yote, kilitoka kwenye risasi moja niliyoionea huruma.

Nikapita ofisi zote zinazotakiwa kwa ajili ya umiliki, nikapata na ruhusa ya bwana wanyamapori ya kulinda shamba, na siku ya kuichukua nikaibeba kwa kupita katikati ya soko, japo nyumbani kwangu hakupitiwi huko. Watu wakaita, "Baba Zuhura, umekuwa mkoa siku hizi," na mimi nikawa naitikia kwa kuinua kidevu tu. Mama Zuhura akaniangalia ninavyoifuta kwa kanga yake mpya, akaniuliza, "Wewe Muislamu, ukishampiga huyo ngiri utamfanya nini?" Nikamwambia nimeshaongea na majirani, mimi napiga, wao wanabeba, tone la damu yake halinigusi. Akasema, "Haya." Mama Zuhura akisema haya, mtu mwenye akili anaahirisha safari.

Mimi sikuahirisha. Na badala ya kwenda kimya kimya nikatangaza. Jumatano alasiri, waje na sufuria. Loo, walikuja. Nilifika Sigino na kanzu yangu ya kazi na kofia nikakuta kama sherehe ya kipaimara, kina mama wameshaanza kumenya ndizi, moto umewashwa, wazee wamekaa kwenye magogo, balozi wa nyumba kumi mwenyewe kaletewa kiti. Baba Restituta akanipeleka pembeni ya shamba, akanionyesha wanapotokea. Nyumba yake ilikuwa mbali, juu kidogo, mkono wa kushoto, nikaona huko wala si njia ya risasi. Nikaegemea mti wa mpaka, nikaweka raifo begani kama nilivyowaona wale wakubwa wakifanya.

Wakatoka. Dume mbele, mkia juu, akapiga magoti kwenye mahindi yangu. Watu wakanyamaza kimya mpaka nikasikia ndizi zikichemka kule nyuma. Nikalenga katikati ya mbavu zake, nikasema bismillahi (sijui kwa nini niliisema, maana hata ningemchinja kwa kisu cha dhahabu asingekuwa halali), nikavuta.

Sijui niwaeleze vipi. Kile kitu kilinipiga bega nikakaa chini, kofia ikaenda upande wake, masikio yakawa yanaimba. Na katikati ya ule wimbo nikasikia mlio wa nguruwe, mkali, wa roho inayotoka. Nikaruka juu. Nikapiga kelele, "Nimempata, Alhamdulillah, nimempata," nikainyanyua raifo kwa mikono miwili, na watu wote wakapiga vigelegele, kina mama wakaanza kuimba, mzee mmoja akaja kunishika mkono akaniambia mkoa sasa umefika na Sigino. Nilisimama pale napokea pongezi. Nafikiri zilikuwa pongezi tamu kuliko zote nilizopata maishani, na ndiyo maana mpaka leo mtu akinisifu nageuka nyuma kwanza kuangalia.

Kwa sababu ngiri alikuwepo. Alikuwa amesimama pale pale kwenye mahindi, mzima, anatuangalia, kisha akageuka akaondoka zake kwa mwendo wa kawaida na familia yake. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Na ule mlio ulikuwa bado unaendelea, lakini ulitoka juu, mkono wa kushoto, na juu yake ikaja sauti ya Mama Restituta ikiita jina la mwanawe.

Baba Restituta alitangulia kukimbia. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Mimi nilifuata, raifo nimeiacha chini, na njia nzima nilikuwa nasema neno moja, nguruwe, ya Rabi iwe nguruwe tu. Nilikuwa naomba nguruwe, mimi, kwa machozi.

Restituta alikuwa amekaa chini mbele ya banda, mikono kwenye mapaja. Hana jeraha. Alikuwa ameiweka ndoo juu ya fito za banda, akainama kuokota magunzi yaliyomwagika, na ndipo ndoo ikaruka. Ndoo ile ya bluu ilikuwa imelala pembeni ina matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, na ndani ya banda yule nguruwe mweupe alikuwa anamalizia pumzi zake. Baba Restituta hakumwangalia nguruwe hata kidogo. Alimshika binti yake kichwa, akampapasa mabega, mgongo, mikono, kama mtu anayekagua kitu kilichotoka safarini, kisha akaiokota ndoo, akatia kidole kwenye tundu moja, akanitazama. Laiti angenipiga. Mpaka leo natamani angenipiga.

Wazee wakakaa hapo hapo. Balozi akaletewa kiti chake kutoka kule kwenye karamu yangu. Hukumu haikuchukua muda: utaratibu wa pale ni kwamba aliyemuua mnyama wa mwenzake anachukua mzoga, analeta aliye hai, wa hali ile ile, mwenye mimba, na anamleta mwenyewe kwa mkono wake, kwa sababu ukimtuma mtu unakuwa umemdharau mwenye mali.

"Huu mzoga nimewapa nyote," nikasema haraka. "Chukueni, kuleni."

"Huwezi kutoa ambacho hujapokea," balozi akasema kwa upole kabisa. "Shika kwanza kamba ya mguuni mwake, Baba Zuhura, uwe wako. Kisha utatugawia."

Nikashika kamba. Mbele ya watu wale wote, nikiwa na kanzu, nikapokea nguruwe, na ndipo nikamtoa. Moto ulikuwa umeshawashwa, ndizi zilikuwa zimeshaiva, lakini siku ile watu walikula kama msibani, na nyumbani kwa Baba Restituta hakuna aliyekula.

Bunduki polisi wakaichukua ikae kwao, na ni haki yao. Mimi nikabaki na kazi ya kutafuta nguruwe. Ninyi hamjui kuhangaika mpaka mwende mlango kwa mlango Bagara, mtu wa msikitini, mnauliza, "Samahani mama, shikamoo, una nguruwe mwenye mimba?" Mmoja alidhani natoka ofisi ya afya akanifukuza. Nikauza matairi na rimu zote za dukani kwa bei ya kutupa, na Alhamisi jioni nikampata, kwa mama mmoja ambaye alikubali kumtoa kesho yake asubuhi. Kesho yake ni Ijumaa. Nikapiga hesabu zangu, asubuhi nampeleka Sigino, mchana nawahi swala, nikavaa kabisa kanzu nyeupe. Mama Zuhura akasema, "Kanzu iache." Nikamwambia mimi nakaa mbele na dereva, nguruwe yuko nyuma, tutagusana wapi?

Nguruwe alikataa kupanda pikapu niliyoikodi. Asubuhi yote alikataa. Tulimvuta, tukamsukuma, tukamwekea viazi, akala viazi akarudi bandani. Alipokubali jua lilikuwa utosini. Dereva, kaka mmoja mcheshi mno kwa siku kama ile, akakata njia ya mkato ili tuwahi, na njia hiyo inapita mbele ya msikiti, na mbele ya msikiti pale pale pikapu ikazima. Watu ndio kwanza wanatoka swala. Nikainama chini ya dashibodi.

"Mzee," dereva akasema, "jifiche, poa, lakini mzigo wako unashuka."

Alikuwa ameshavunja ubao wa nyuma. Nikamwona kwenye kioo, ametua chini, kamba inaburuta, anaelekea barabara kuu, na kule yanakuja malori ya mahindi. Hapo, jamaa zangu, nilikuwa na nafasi ya kubaki chini ya dashibodi. Hakuna aliyekuwa ameniona. Ningelisema baadaye alitoroka, bahati mbaya. Lakini niliiona ile ndoo. Niliona kidole cha Baba Restituta kinaingia tundu moja kinatokea upande wa pili. Nguruwe huyu akigongwa hakuna harusi, na mimi sina tairi hata moja lililobaki la kuuza.

Nikashuka. Nikakimbia na kanzu yangu, watu wakanipisha wakidhani naukimbia moto, kamba ikanichomoka mkononi mara ya kwanza, na mara ya pili sikuifuata kamba, nikamrukia mwenyewe. Nikamkumbatia. Mikono yote miwili, shingoni, tumbo langu juu ya mgongo wake, akanikokota mpaka mbele ya mlango wa msikiti, matope mpaka kwenye ndevu, na mimi nalia kwa sauti, "Tulia, mama, tulia, wewe ni harusi ya mtu." Msikiti mzima umesimama, viatu mkononi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua, maana watu wa Babati wasipocheka ujue umevuka kiwango. Kisha imamu akaja karibu, akainama, akaniambia taratibu kana kwamba tuko wawili tu, "Baba Zuhura, ukimaliza, maji yapo." Ndipo wakacheka.

Nguruwe alifika Sigino. Akazaa, watoto wakauzwa, na harusi ikafungwa siku iliyopangwa. Raifo, polisi waliponirudishia, niliiuza kwa mtu wa mbali kwa hela ambayo sitaki kuitaja mbele za watu, baada ya kumlazimisha kwanza aipige kwenye kichuguu, na kichuguu kilichoumia kilikuwa cha pembeni yake, mkono wa kushoto. Msimu ule ngiri walikula mahindi yangu mpaka shina, tukanunua unga kama watu wasio na shamba. Baba Restituta bado anatoka na fimbo akisikia mkoromo kwangu. Hajawahi kunitajia jambo lile. Ila siku hizi akinisalimia ananisalimia vizuri mno, kama mgeni.

Kwenye harusi alinialika, akanipa mbuzi nichinje kwa mkono wangu ili na mimi na familia yangu tule, nikakaa meza za mbele nimepoa, nikajisemea labda sasa yamekwisha. Ikafika wakati wa shampeni. Msema chochote mwenye kipaza sauti akahesabu, watu wakasimama, kizibo kikalia, pwaa, na shangwe ikapaa. Bibi harusi akajikunja na kuinama chini na gauni lake lote, mikono kichwani. Watu wakacheka, wakasema binti ana haya. Alipoinuka hakumwangalia mume wake, alinitafuta mimi kwenye viti mpaka akaniona.

Nimerudi kwenye debe. Nalipiga mwenyewe, kwa mkono, taratibu, na kabla sijaanza huwa natuma mtu nyumbani kwa Baba Restituta akaulize kama Restituta amekuja kuwatembelea wazazi. Wakisema amekuja, siku hiyo ngiri wanakula.